Pumzi Itangulie

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali, nami nimeinama chini ya mgunga hapo Kikorongo, vidole vya mikono vikiitafuta ardhi bila kuifikia, uso umeniwiva, masikio yanavuma. Ndipo sauti ya binti mmoja iliponijia kutoka juu, ya upole lakini yenye amri ndani yake: "Mwalimu, mbona umeifunga pumzi? Ishushe." Sikuwa na habari kwamba nimeifunga. Nikaishusha, na mgongo ukashuka pamoja nayo kiasi cha vidole vitatu hivi, mikono ikagusa majani.

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu habari za ngeli, za methali na za tungo, na yamkini watauliza yoga imepenyaje. Nawaomba wawe na subira. Nimefundisha Kiswahili kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini katika upande huu wa Kasese na Bwera, na katika muda huo wote nilidhani najua maana ya kusoma kwa sauti. Kumbe kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimelijua, nalo nimelipata nikiwa nimeinama, kichwa chini.

Chanzo chake ni presha. Daktari aliyenipima mwaka jana alitikisa kichwa, akaniagiza nitembee, nipunguze uzito, nipunguze na chumvi. Kumwambia mtu wa Kasese apunguze chumvi, ilhali ziwa la Katwe liko karibu na mlango wake na babu zake walifanya biashara ya chumvi hiyo kabla ya shilingi kujulikana, ni mzaha kidogo, lakini nilitii. Kuhusu kutembea, nilikuwa natembea vya kutosha. Ndipo niliposikia kwamba mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani amerudi kutoka Nairobi na anafundisha yoga.

Huko Nairobi, kwa wasiojua, kuna shirika liitwalo Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, ambalo limewafundisha vijana wengi wa mitaa ya watu wa kipato kidogo hadi wakawa walimu wa yoga. Kwa hiyo si ajabu tena kumkuta Mwafrika akifanya kazi hiyo kwa riziki. Binti huyu naye aliipatia elimu yake katika mji huo. Sitamtaja, yatosha kusema kwamba jina lake ni lile tulipalo mtoto wa kike wa pili, na kwetu Wakonzo mabinti wa pili ni wengi mno. Siku za kazi huwafundisha wageni wanaokuja kutazama wanyama wa mbuga ya Queen Elizabeth. Jumamosi hutandika mikeka chini ya mgunga, akamfundisha yeyote ajaye.

Kikorongo ni njia panda. Barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese huachana hapo na ile iendayo Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, na mstari wa ikweta wapita karibu, watalii wakasimama kupigwa picha mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Asubuhi, kama mawingu hayakuamka mapema, milima ya Rwenzori huonekana upande wa kaskazini. Malori yaendayo Kongo hupita yakiunguruma. Wanafunzi wenzangu ni kina mama wasukao vikapu, ambao migongo yao huwauma kwa kukaa, dereva mmoja wa bodaboda, na mimi. Mama mmoja huja na mjukuu mgongoni, humlaza penye kivuli, na mtoto hutuangalia kwa mshangao mkubwa.

Zoezi lenyewe huitwa Salamu kwa Jua, nalo ni mfululizo wa mikao isiyokaa, kila mmoja ukiuzaa mwenziwe. Kwa namna afundishavyo binti huyu, mfululizo mmoja una miendo tisa. Umesimama wima, miguu pamoja. Wavuta pumzi, mikono yapanda hadi viganja vikutane juu ya kichwa. Washusha pumzi, wainama kutoka nyongani. Wavuta, wainua kifua nusu na kuunyosha mgongo, macho mbele. Washusha, wapeleka miguu nyuma na kuuteremsha mwili karibu na ardhi mfano wa mjusi. Wavuta, kifua chapanda na mabega yarudi nyuma, kama nyoka ainuaye kichwa. Washusha, nyonga zapanda juu, mikono na miguu imebaki chini, mwili umekuwa paa la nyumba. Hapo hukaa kwa pumzi tano. Kisha wavuta, wairejesha miguu mbele na kuinua kifua, washusha, wainama, wavuta, wasimama mikono juu. Pumzi inayoshuka baada ya hapo huirudisha mikono ubavuni, na safari huanza upya.

Nikiandika hivi yaonekana mepesi. Mwezi wa kwanza mzima sikuweza. Si kwa sababu ya ukakamavu wa viungo, ingawa huo nao upo, bali kwa sababu mwili wangu ulikuwa ukifika kabla ya pumzi. Nilitupa mikono juu mara moja, kama mwalimu anayekimbilia kumaliza muhtasari wa muhula, kisha nikasimama pale juu nikiendelea kuvuta hewa isiyo na kazi tena. Au niliinama kwa nguvu, nikafunga koo, nikangoja ruhusa ya kuinuka. Kina mama wa vikapu walinishinda wote.

Binti alinifundisha kwa mfano ambao sitausahau. Alisema pumzi iwe ala na mwendo uwe kisu, kwa maana ala humzidi kisu pande zote mbili. Uanze kuvuta kabla mkono haujaondoka ubavuni, na pumzi ikome baada ya mkono kusimama. Hivyo pumzi hutangulia, mwili hufuata, na tena pumzi ndiyo inayoufunga mlango. Ukitaka mwendo uwe wa polepole, usiushike mwili. Irefushe pumzi, na mwili utakuwa mpole wenyewe. Na pumzi ikikatika, ukaanza kuhema kwa kinywa, hiyo ndiyo dalili kwamba umejitaka zaidi ya uwezo wako: piga magoti, laza paji la uso mkekani, ungoje.

Naye husikiliza zaidi ya anavyotazama. Pumzi yenyewe hupitishwa puani huku koo limebanwa kidogo tu, ikawa na mvumo kama upepo wa ziwani usikikao kwa mbali. Walimu wa fonolojia watanielewa nikisema ni ile sauti yetu ya *h*, ila kinywa kimefumbwa. Wenyewe huiita ujayi. Kwa mvumo huo binti hutambua, hata akiwa amegeuka, ni nani kati yetu aliyefunga pumzi.

Nilipochunguza sababu zake niliridhika kwamba si mambo ya miujiza. Kiwambo, ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, hushuka tuvutapo pumzi, nazo mbavu huinuka na kupanuka. Ndiyo maana kifua kikifunguliwa kwenda juu hewa huingia karibu bila kuitwa. Tukiinama, tumbo hukisukuma kiwambo kirudi juu, na hewa hutoka. Anayevuta pumzi huku anajikunja anaufungua mlango kwa mkono na kuusukuma kwa bega. Hali kadhalika moyo hupiga haraka kidogo tuvutapo na polepole kidogo tushushapo, hata pumzi ndefu ya kushusha ikawa kama mkono umtulizao mtoto. Na mtu akijikaza huku ameifunga pumzi, presha hupanda ghafla. Daktari hakuniambia hilo la mwisho. Pengine alidhani sitabeba kitu kizito zaidi ya daftari.

Tusidhani kwamba mpango huu wa pumzi moja kwa mwendo mmoja ni wa kale kama milima. Yoga ni ya kale, lakini mtindo huu unaotiririka ulipata sura yake katika karne ya 20, hasa huko Mysore, kusini mwa India, ambako Krishnamacharya alifungua darasa katika jumba la mfalme mwaka 1933. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois aliushika na kuufundisha hadi uzee wake, na kwake walikwenda watu wa Ulaya na Marekani walioutawanya duniani. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Kwa hiyo kitu kilichofika Kikorongo kimezunguka sana, na kimebadilika njiani.

Lakini jambo lenyewe nilikwisha kuliona kabla ya kusikia neno yoga. Nilizaliwa katika vilima vilivyo juu ya Bwera, na mama yangu alikuwa akipanda kutoka gulioni na mzigo mgongoni, mkanda wake umepita kipajini kama ilivyo desturi ya wanawake wa milimani kwetu. Alitukataza kusema tunapopanda. Tukisema alikasirika, nasi watoto tukadhani amechoka na hataki kelele. Nilitembea nyuma yake miaka mingi, na mpaka leo naweza kuusikia mwendo wake: hatua mbili akivuta, hatua mbili akishusha, na penye mwinuko mkali hatua moja kwa moja, mguu ukikanyaga pale pumzi inapotoka. Hakusimama hata mara moja hadi uani. Sisi tuliokuwa mikono mitupu ndio tuliosimama kila kona, tumeshika viuno. Wachimba chumvi wa Katwe nao, wanapobandua gamba la chumvi kwa mtaimbo, husindikiza mkono kwa mguno, na mguno ni nini kama si pumzi iliyopewa kazi? Nilipomwambia binti habari za mama alicheka, akasema basi nilikuwa nimelipiwa karo zamani.

Mzee mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani kuniuliza kama ni kweli tunaliabudu jua. Nilimjibu kwamba jina ni la wenyewe, na kwamba mimi sitamki maneno yao ya ibada wala sijaombwa kuyatamka. Hakuridhika sana, nami simlaumu; kila mtu na alinde dhamiri yake. Ila jirani yangu Mwislamu, aliyekuwepo, alitueleza jambo lililonigusa. Alisema katika sala takbiri hutamkwa wakati ule ule mtu anapotoka katika kisimamo kwenda rukuu, na tena anapokwenda sijida, hata neno na mwendo vikawa vinakwenda pamoja. Nilikuwa nimewaona Waislamu wakisali tangu utoto wangu na sikuwahi kulitambua hilo, mimi niliyejiita mwalimu wa lugha.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipohamia darasani. Sisi walimu wa ushairi tumelelewa katika kuhesabu. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, tumewafundisha vijana kwamba mshororo wa shairi una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na vina vyake kati na mwisho. Wanafunzi wetu hukata silabi kwa penseli hadi kurasa zikachakaa. Lakini mizani hizo zilikuwa katika mapafu kabla ya kuwa katika karatasi. Mizani 16 ni mzigo ambao pumzi moja ya mtu mzima huubeba kwa raha. Pale katikati msomaji hutua bila kuvuta, na mwishoni huvuta. Utenzi, wenye mizani nane kwa mshororo, huruhusu mishororo miwili kwa pumzi. Nilijipima kwa saa ya mkononi, nikisoma ubeti wa mishororo minne bila haraka: nusu dakika na ushei kidogo, pumzi nne. Si utafiti huo, ni mtu mmoja sebuleni kwake. Lakini mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza matokeo yaliyonifurahisha: waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakitamka mantra ya yoga, na katika hali zote mbili pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mpango. Mtu aliyetulia bila kusema chochote huvuta pumzi baina ya 12 na 20. Basi maneno yaliyopangwa yanaweza kuipanga pumzi ya mtu, hata kama mtu mwenyewe hajui.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Siku ile binti aliponiambia nishushe pumzi, tulipomaliza tulikaa kivulini kunywa maji. Akaniuliza kama namkumbuka kijana fulani wa darasa lao. Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa na kigugumizi. "Mimi nilikaa nyuma yake, mwalimu," alisema. "Kila ulipomwita asome, mabega yake yalipanda kabla hajafungua kinywa. Alikuwa anavuta na kufunga. Kama wewe leo." Hakusema zaidi, na adabu yake ndiyo iliyonichoma.

Walikuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na stashahada yangu, na niliamini kwamba ukali huondoa aibu. Nilimsimamisha asome ubeti mmoja. Alikwama katika neno la kwanza. Nikamwambia arudie, kwa sauti. Akakwama. Nikamwambia hataketi hadi ubeti uishe, na darasa likacheka, nami sikulinyamazisha. Kengele ililia akiwa bado amesimama. Muhula uliofuata hakuwamo tena katika somo langu, na mwisho wa mwaka hakuwamo shuleni. Sijui kama sababu ni mimi. Karo nayo ilikuwa ngumu kwao. Lakini najua kwamba sikuwahi kumwambia mahali pa kuvuta pumzi, kwa sababu mimi mwenyewe sikupajua.

Sitaki mtu adhani kwamba nadai kigugumizi ni pumzi tu. Wataalamu wanasema asili yake imo katika ubongo na mara nyingi hurithiwa, na wala mkeka haukiponyi. Wanajua pia, na hili limeonekana tangu zamani, kwamba mwenye kigugumizi aghalabu hasiti anapoimba au anaposoma pamoja na wengine. Hilo ningeweza kulitumia hata wakati ule, pasipo kwenda Nairobi wala Mysore.

Siku hizi, hasa tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopendekeza mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, ninalo darasa kubwa ambamo nusu ya vijana wanaionea lugha hii haya. Kabla ya shairi nawasimamisha. Tunavuta pumzi mikono ikipanda, kisha tunasoma mshororo mmoja sote kwa pamoja mikono ikishuka, na mikono haifiki ubavuni ila na kina cha mwisho. Baada ya beti mbili mikono hupumzika, sauti huendelea. Baadaye husoma wawili wawili, na mmoja mmoja atakaye. Mkaguzi mmoja alipita dirishani akadhani ni kipindi cha michezo. Wapo bado wanaokwama, lakini hawakwami tena huku wenzao wakiwahesabia.

Binti aliniambia pia kijana yule yupo Mpondwe, anapakia magunia. Nilichukua majuma matatu kabla ya kwenda, na kila juma nilikuwa na udhuru mzuri.

Nilimkuta karibu na mpaka, mwanamume mzima sasa, shingo nene, amejifunga kitambaa kichwani. Walikuwa wawili chini na wawili juu ya lori, na yeye ndiye aliyeongoza hesabu: moja, mbili, na ya tatu gunia likapanda, wote wakishusha pumzi kwa pamoja hata nikaisikia nilipokuwa nimesimama. Sauti yake ilikuwa safi, haina kikwazo, kwa Kiswahili cha Kongo na cha kwetu kilichochanganyika. Nilisimama kando ya kibanda cha chapati nikasikiliza magunia kumi na mawili.

Akaniona. Akajifuta viganja kwa suruali, akaja. Pale mpakani kila mtu husema "jambo" tu na kupita, lakini yeye alitaka kunipa salamu niliyomfundisha. "Shi—" alisema, na mabega yakapanda. Zamani ningelimalizia neno, au ningetazama pembeni. Nilishusha pumzi yangu polepole, mpaka mwisho wake, nikangoja. Mabega yakashuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwambia nililokwenda kumwambia. Alisikiliza akitazama chini, akasema ni siku nyingi zile. Kisha, akitua mara mbili njiani, akaniuliza kama bado tunasoma mashairi. Nikamjibu kwamba twasoma, ila sasa twaanza sote pamoja. Akacheka, na kabla sijamuuliza lolote zaidi dereva akapiga honi, naye akanipa mkono na kurudi kwa wenzake.